Hadithi Iliyoishia Mlangoni

Jumapili, 2 Machi 1958

Kanisani. Mahubiri marefu. Nyumbani, uji. Saa kumi dukani kwa Njoroge, hapa Gitothua, kusikiliza redio kama kila Jumapili. Kile kipindi cha hadithi za kutisha, kila juma hadithi mpya na watu wapya. Mimi, mwalimu, huenda kusikiliza makosa ya lugha. Leo nilisahau makosa.

Mtu anarudi kwao baada ya miaka mingi. Kijiji kizima kinashangilia. Mama yake peke yake anaona kwamba huyu si mwanawe. Hajui mtungi wa maji huwekwa wapi. Mama anajua, ananyamaza, anampakulia chakula. Mlango unagongwa mara moja. Upepo. Mtangazaji akaaga.

Basi, imekwisha. Aliyerudi ni nani? Yule wa kweli yuko wapi? Mama alimpakulia kwa nini? Wazo ningelipa alama tisa kwa kumi, kazi yenyewe tatu. Mtunzi amefika mlangoni akakimbia. Nimekasirika hadi sasa.

Jumatatu, 3 Machi

Hedimani wa kijiji ameniita. Mwanangu Mbugua anaachiliwa kutoka kambi ya kizuizini ya serikali. Miaka minne. Ataletwa Jumatano kwa lori kutoka Thika, akae nyumbani siku saba. Siku ya saba, tarehe 12, mimi mzazi nisimame mbele ya chifu mjini Ruiru niseme kwamba namjua mtu huyu na ninamdhamini. Nisiposema, lori litamrudisha.

Mama Mbugua amelia, kisha amefagia nyumba mara mbili. Mimi nimenoa jembe lililokuwa kali tayari.

Jumatano, 5 Machi

Amefika. Kimo ni cha Mbugua. Alisimama mlangoni, hakuingia hadi alipoambiwa. Akauliza akae wapi.

"Haiya, kwani umesahau kiti chako?" mama yake akamwambia akicheka.

Alikuwa amekisahau. Nyumba hii haijui, hilo si kosa lake. Tulihamishiwa kijijini baada ya yeye kuchukuliwa. Lakini kiti ni kilekile. Alikitengeneza mwenyewe.

Mama yake akampakulia. Nikaikumbuka redio.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi walinzi wa kijiji walipiga firimbi. Akachuchumaa katikati ya ua, mikono kichwani. Alibaki hivyo hadi mama yake alipomshika bega.

Mbugua alikuwa mbishi. Alibishana nami juu ya kila kitu, hata mvua. Huyu hasemi ila "Ndiyo, bwana". Ananiambia hivyo mimi.

Namwogopa mtu aliye nyumbani mwangu. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemtahini. Nilimwuliza jina la mbuzi aliyemchunga utotoni. Hakujua. Nani aliyemfundisha kusoma? "Ni wewe, bwana." Hilo Gitothua nzima inalijua.

Likabaki kovu. Alipokuwa na miaka kumi nilimpiga kwa ukingo wa rula, mkono wa kulia, akatoka damu. Alama ilibaki, nyeupe, kama punje ya mchele. Leo nikamwambia anyooshe mikono. Akainyoosha upesi mno. Mikono yote ni makovu. Walikuwa wakivunja mawe. Nimelitafuta langu katikati ya hayo nikalikosa.

Mama Mbugua alikuwa akitazama. Akatoka nje. Aliporudi alisema neno moja tu: "Hujamwita."

Najua. Yeye ni kifungua mimba wangu. Alipewa jina la baba yangu, kama ilivyo desturi yetu, na tangu akiwa mgongoni kwa mama yake nilimwita Baba. Sikuwahi kumwita kwa njia nyingine, hata siku ile ya rula. Tangu Jumatano namwita "wewe".

Jumapili, 9 Machi

Redio. Hadithi ya kisima. Watu wengine kabisa. Yule mtu wa Jumapili iliyopita hakutajwa.

Nilimwuliza Njoroge anadhani ile iliishaje.

"Si iliisha, Mwalimu? Walipiga muziki. Mimi nilikuwa napimia watu sukari." Kisha akapunguza sauti. "Watu wanauliza kama Jumatano utaenda."

Nikaaga.

Kuna jambo sijawahi kuliandika. Miaka minne iliyopita tulikusanywa uwanjani. Mtoa habari aliyefunikwa gunia usoni alipita mbele ya vijana. Alipofika kwa Mbugua akainamisha kichwa, maana yake huyu ni mwasi. Ofisa akaniuliza kama ninamdhamini mwanangu. Nikasema: "Jina lake nalijua. Aendako gizani sikujui." Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema nisilolijua. Mbugua alinitazama. Wakampandisha lorini.

Wazazi wengine walisema "namdhamini" bila kujua lolote. Wana wao walilala nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata pasi ya kutoka kijijini kwa siku moja. Nimekwenda Thika, mtaa wa Kamenu, kwa Karanja seremala. Alikuwa kambi moja na Mbugua, akatangulia kutoka. Nikamwuliza waziwazi kama aliyeletwa kwangu ni Mbugua.

Akaweka randa chini. "Mwalimu, unamkagua kama daftari?" Akacheka kidogo. "Mimi mke wangu alinipa maji kwa kikombe cha wageni mwezi mzima. Sikumlaumu. Yule aliyemwoa hakurudi."

"Na Mbugua?"

"Kulikuwa na Mbugua kule. Mbishi! Alibishana na askari, alibishana na sisi, tukilala alibishana na ukuta. Siku moja wakamtoa peke yake. Aliporudi akaacha."

Sikuuliza zaidi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mtunzi wa redio hakuiandika. Yule wa kweli yuko wapi. Sasa naona kwa nini alikimbia.

Jumanne, 11 Machi

Amechota maji bila kuambiwa. Kisha akasimama na mtungi, asijue pa kuuweka. Mama yake akamwonyesha kwa kidevu. Hakuonyesha mshangao wowote.

Kesho nitaulizwa ninachokijua. Sijui.

Jumatano, 12 Machi

Ruiru. Lori lilikuwa limewashwa tangu tulipofika. Yeye alichuchumaa chini, mikono kichwani. Hakuna aliyemwamuru.

Chifu akauliza: "Mwalimu, unamjua mtu huyu?"

"Huyo ni mzee wa ukweli," mlinzi mmoja akasema. "Ngojeni, atatuambia tena hajui!" Wakacheka.

Niliitazama ile mikono. Nilikuwa sijui bado. Nikasema: "Namjua. Ninamdhamini." Nikatia sahihi.

Kisha nikainama. Nikamwambia: "Baba, inuka. Twende nyumbani."

Hakuinuka. Nilidhani hakusikia. Halafu akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu arudi. Mtazamo ule naujua. Ndio ule wa uwanjani, ulioondoka naye lorini. Miaka minne nimelala nao.

Kovu langu lilikuwa pale, machoni. Nililitafuta mkononi.

Tumetembea hadi nyumbani. Alitembea nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kwa Njoroge. Redio ilisikika kwa mbali. Sikutega sikio.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Githeri, mahindi na maharagwe. Tumekula watatu. Amekalia kiti chake. Sasa najua mama yule wa redioni alimpakulia kwa nini. Mtu alikuwa na njaa, na sufuria ilikuwa mekoni. Hakuwa na mtihani wa kumpa.

Nilisema mvua hii itakwenda hadi kesho. Akasema, macho yakiwa kwenye sahani: "Haitafika jioni."

Mama Mbugua aliacha kutafuna. Mimi sikubisha.

Mvua imekatika saa tisa.

Bado husimama mlangoni hadi aambiwe aingie. Mimi ndiye humwambia.