Dirisha Lako Linatazama Wapi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua saa mbili. Nimefagia. Nimepanga majora ya vitambaa vya pazia, rangi nzito chini, nyepesi juu, alivyokuwa akiyapanga mume wangu, Baba Nuru. Atieno, fundi wetu, amekuja, akatia cherehani mafuta. Cherehani haijashona kitu tangu Alhamisi.

Hakuna aliyepanda ngazi. Mjini duka lilikuwa chini, mlango wazi, na mume wangu amesimama kizingitini anamsalimia kila apitaye. Hapa mtaa wa Satellite tuko ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi. Mwenye jengo la mjini alitaka vyumba vyake wakati mimi niko edani, sitoki nyumbani. Atieno ndiye aliyehamisha kila kitu, safari nne za pikapu ya kukodi. Eda imekwisha wiki mbili sasa. Nimerudi kwenye duka nisilolijua.

Kwa hiyo mlango wetu siku hizi ni ukurasa wa kwanza wa tovuti. Hayo ni maneno ya Deno, mtengenezaji wa tovuti mwenye ofisi Dagoretti Corner. Asiyekuona barabarani atakuona kwenye simu. Atabonyeza kitufe, ujumbe utakuja WhatsApp, atakuwa mteja. Ukurasa umefunguliwa Ijumaa.

Ujumbe: hakuna.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimeusoma ukurasa wote, polepole, na miwani. Nimekasirika.

Juu kuna picha ya sebule nyeupe yenye kochi jeupe na bahari nje ya dirisha. Si pazia letu. Si bahari yetu. Chini yake: TUNAIGEUZA NYUMBA YAKO KUWA NDOTO. Mtu amekuja kutafuta pazia la jikoni, anaambiwa habari za ndoto. Neno "pazia" lenyewe sikulikuta mpaka nimeshuka mara tatu kwa kidole. Picha zinapita zenyewe kabla hujazitazama. Vitufe ni vitano na kila kimoja kinataka jambo lake.

Jumatano, 6 Agosti

Atieno ameniambia tukiwa tunakunywa chai. Kuna karakana Waithaka inayoshona sare za shule. Wanamtaka. Wanangoja jibu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita.

Hakuwa akiniomba ruhusa. Alikuwa akinipa habari, na macho yake kwenye kikombe. Ana watoto watatu na mama mzee Siaya. Amekuwa nasi miaka kumi na mmoja.

Mimi napima na kukata. Kushona siwezi tena, macho hayashiki uzi. Bila Atieno hakuna duka. Nitauza majora nirudi Mombasa kwa dada yangu, nikae kwenye baraza lake niulizwe kila jioni kama nimekula.

Siku kumi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Deno. Ni mtu mzima, ana mvi kidevuni, lakini anazungumza kama yuko haraka ya kushuka matatu. Nimemwambia yote niliyoandika. Akatabasamu.

"Mathe, watu hawasomi. Wanapita tu. Lazima uwashike na kitu moto."

Nikamwonyesha kona ya chini, kuna kisanduku kinaruka chenye picha ya msichana anayecheka. *Hujambo, mimi ni Linda, nikusaidie nini?* Nikauliza Linda ni nani.

"Si mtu, mathe. Ni programu."

"Kwa hiyo mteja wangu anazungumza na mtu ambaye hayupo?"

"Lakini anajibu."

Nikamwambia amwondoe Linda leo hii. Duka letu halijawahi kumwekea mteja mtu wa uongo. Nilisema kwa sauti. Watu wa ofisi ya pili walichungulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Linda ameondoka. Badala yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. OFA INAISHA BAADA YA SAA 2. Atieno kaufunga ukurasa akaufungua tena. Saa mbili zikaanza upya.

Tumecheka, kisha mimi nikaacha kucheka. Nani aliyesema tuna ofa?

Ujumbe: hakuna.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda Dagoretti Corner asubuhi na karatasi mbili za daftari. Nimeandika mwenyewe. Nilikaa nazo Jumapili nzima.

Nimeandika alivyokuwa akifanya Baba Nuru. Mteja akiingia, hamwonyeshi kitambaa. Anamuuliza kwanza: dirisha lako linatazama wapi? Linalotazama mawio, usimpe samawati, jua litaila mwaka haujaisha. La machweo, usimpe nyekundu, chumba kitakuwa jiko. Linalotazama ukuta wa jirani, mpe manjano, maskini, naye apate jua. Kisha anakata kipande cha ukubwa wa kiganja. Anasema, "Kalale nacho." Mteja akakitundike dirishani, akione asubuhi, akione jioni, ndipo arudi. Hakumruhusu mtu kuchagua pazia zima siku ya kwanza. Wengine walikasirika, wakarudi hata hivyo.

Deno alishika kichwa. "Mathe, mteja akishatoka amepotea! Page inafaa imfunge hapo hapo."

Nikamwambia mume wangu aliwaacha watu watoke kwa miaka ishirini na miwili na ndio waliotulisha.

Tumebishana mpaka adhuhuri. Yeye amechoka kwanza. Sasa juu ni picha ya dirisha la jikoni langu, aliyoipiga Atieno, na sufuria inaonekana. Chini yake: Dirisha lako linatazama wapi? Kisha maneno machache ya kitambaa. Kisha kitufe kimoja tu: Niletewe kipande nikione kwangu. Saa imeondolewa. Ndoto imeondolewa.

Deno akanitaka nihakikishe kila kitu kabla hajafungua. Nikapitia neno kwa neno. Mahali, sawa. Saa za kufungua, sawa. Namba ya simu, sawa.

Jumanne, 12 Agosti

Hakuna.

Jumatano, 13 Agosti

Deno amepiga kwa furaha. Anaweza kuona wanaofungua ukurasa na wanaobonyeza. Anasema tangu juzi watu wanabonyeza kweli, jana peke yake tisa. "Si nilikuambia itaweza?" Amesahau alichoniambia.

Nimemuuliza, hao tisa wako wapi? Simu yangu iko hapa mezani, imejaa chaji, haijalia. Akasema kitufe kinafanya kazi. Nikasema basi kinabonyezwa na upepo. Akasema labda sijui kuitumia WhatsApp. Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mtu simu maishani.

Nimechoka na Deno. Nimechoka na kitufe. Nimechoka kukisogelea kisimu hiki kama mgonjwa, kusikiliza kama kinapumua.

Jioni nimeona kastabini anayovaa Atieno kidoleni akishona haiko msumarini. Huwa anaitundika hapo kila siku kwa uzi mwekundu. Ameenda nayo nyumbani.

Alhamisi, 14 Agosti



Atieno alimwomba dada yake wa Waithaka abonyeze kitufe, tuone. Akabonyeza, akaandika, akatuma. Tukangoja. Simu yangu kimya. Dada akampigia Atieno.

"Ati tiki ni moja tu," Atieno akaniambia. "Ya kijivu. Haifiki. Mama Nuru, hii simu yako imezimwa ama ni nini?"

Nikamwonyesha iko wazi. Akamwambia dada amsomee namba inayotumiwa. Atieno akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja. Alipofika katikati nilikuwa nimeshakaa chini.

Ni namba ya Baba Nuru.

Siku ya kwanza Deno aliniomba namba ya duka nikampa kadi ya zamani, ile yenye picha ya mkasi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Jumatatu niliisoma namba ile nikaona ni sawa. Ni sawa. Naijua kwa ghibu kuliko yangu. Ningeisoma mara mia nisione kosa.

Simu yake iko kwenye kopo la biskuti kabatini, imefungwa katika kikoi chake. Niliifunga siku ya tatu ya msiba. Niliiwasha mara moja tu, hitima ya arubaini, kutafuta namba za watu wa Lamu, nikaizima upesi. Kila mwezi natia vocha laini isikatwe. Nuru, mwanangu, ameniuliza ya nini.

Atieno alisimama, akafunga dirisha kwa ajili ya baridi.

Na mimi nilimsema Deno kwa ajili ya Linda.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeileta simu dukani. Sikutaka kuiwasha nyumbani peke yangu. Kikoi bado kina harufu yake, udi na sabuni ya mche. Tumeitia kwenye umeme. Ilikaa nyeusi muda mrefu mpaka nikatumaini imekufa.

Kisha ikawaka. Ikaanza kutetemeka juu ya meza ya kukatia. Ikatetemeka, ikasogea, ikafika kwenye rula. Mimi na Atieno tuliitazama tu.

Jumbe za mwanzo zilikuwa za watu wasiojua kwamba amefariki. *Salim, uko kimya sana ndugu yangu.* Hizo nimeziacha kwanza. Kisha madirisha. Mama mmoja wa Waithaka, chumba cha mtoto, jua la jioni linamwamsha. Mwalimu wa madrasa, madirisha sita, yanatazama barabara. Mwingine ametuma picha ya dirisha na paka. Mmoja ameandika mara nne, ya mwisho kwa herufi kubwa: NYINYI MNAUZA AMA MNACHEZA?

Kumi na wanane. Kumi na wanane walibisha hodi, na mlango nilikuwa nimeufunga mimi na kuufungia kabatini. Nimejikasirikia.

Nimempigia Deno kumwomba radhi. Nimemweleza yote, bila kuficha. Akasema:

"Pole sana, mathe. Pole." Akakohoa. "Lakini Linda angekuwa amejibu."

Nilicheka. Nilicheka mpaka Atieno akaja kuona kuna nini.

Deno akataka kubadilisha namba palepale. Nikamwambia angoje.

Jumamosi, 16 Agosti

Manyunyu asubuhi. Nimefungua saa mbili.

Kastabini iko msumarini. Sijui aliirudisha saa ngapi. Atieno alitoka kwenye ngazi akawapigia simu watu wa karakana, akazungumza Kijaluo, maneno machache, akarudi akaketi kwenye cherehani. Nilimwekea vijiko vitatu vya sukari kwenye chai.

Namba nimeiacha. Simu itakaa hapa, mezani, kwenye umeme wake. Picha ya Baba Nuru kwenye WhatsApp pia nimeiacha, amesimama kizingitini kule mjini, tepu ya kupimia shingoni. Chini yake nimeandika: *Anayejibu ni mkewe.*

Nimewajibu wote, mmoja mmoja. Nimewaomba radhi, nimewauliza swali lake la dirisha. Kumi na mmoja wamerudisha jibu kufikia alasiri. Yule wa herufi kubwa naye amejibu, kwa herufi ndogo. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Nimeshusha jora la manjano. Nimekata kipande cha ukubwa wa kiganja.