Nyimbo za Dada na Programu Inayoanguka

Jumatatu, 14 Julai
Wimbo wa saba umeingia kwenye kompyuta. Mashine hii hainishindi hata kidogo.
Uongo. Umeingia nusu, programu ikajifunga yenyewe, nusu nyingine ikapotea. Dada Nyamizi alikuwa bado anaimba, kafumba macho. Nikamwomba arudie. Akauliza, "Nirudie nini?"
Ni nyimbo za wapagazi, za babu yetu. Kabaki yeye tu anayezijua, na kila wiki zinampungua. Mkono wangu unatetemeka, kalamu siiwezi. Naogopa.
Kikatokea kile kidirisha: programu imeanguka, utume ripoti kwa watengenezaji? Nikabonyeza Hapana. Mara ya tisa.

Alhamisi, 17 Julai
Imeanguka tena. Hapana. Mara ya kumi. Nimeishia darasa la nne, lakini siibiwi nyimbo zetu kwa ripoti. Halafu wimbo wa leo unawatukana Wazaramo: eti mume hubeba mkeka, mzigo humwachia mke. Ripoti ikienda, nani ajuaye itasomwa na nani?

Ijumaa, 18 Julai
Kutoka kwetu Isikizya hadi Tabora mjini, kompyuta ndani ya tenga la kuku. Nimekwenda kwa Mama Zena, mwenye duka la kuchapa; ndiye aliyeniwekea programu hiyo ya bure ya kuandikia. Mzaramo. Mtani wangu.
"Shikamoo, mtumwa wangu."
"Marahaba, mtumwa wangu. Programu yako mbovu kama wewe."
Kumbe hutengenezwa na watu wa kujitolea, wako mbali, hawaioni ikianguka. Ripoti ndiyo huwaambia ilianguka wapi, ikifanya nini. Akaifungua nione. Mistari ya namba. Wimbo hamna.
"Mara kumi mganga anakuuliza unaumwa wapi, wewe umebana mdomo. Mnyamwezi we!"
"Nilikuwa nakusitiri." Nikamsomea lile tusi. Akacheka mpaka miwani ikadondoka.
"Babu zenu walipofika kwetu pwani walilamba bahari wakidhani mchuzi. Na hilo liandike!"
Nimeaibika. Nimefurahi pia.

Jumamosi, 19 Julai
Imeanguka. Tuma! Pana nafasi ya kueleza. Nikaandika: sijagusa kitu, naandika wimbo wa dada yangu, anausahau, fanyeni haraka, wavivu nyie. Nikafuta "wavivu". Nikalirudisha.

Jumatano, 6 Agosti
Mama Zena kapiga simu. Toleo jipya limetoka. Programu ilikuwa ikianguka pale inapojihifadhi yenyewe. Yaani inaua ikijaribu kuokoa! Ripoti zilitoka kwa watu wengi, mmoja mmoja, hadi watengenezaji wakakiona kidonda. Na mimi nimo. Ningesema mapema, huenda wimbo wa saba ungepona. Inaniuma.
Nilipomwambia nilichowaandikia, kaniuliza kama wale wavivu nimewashukuru. Bado.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada. Nyimbo kumi na moja zimo, na programu haijaanguka tena hata mara moja. Wa saba ni nusu, nimeacha nafasi chini yake. Watengenezaji nimewaandikia asante.
Dada kakaa juani, anamenya karanga, anang'ong'ona.
Tangu utoto yeye ndiye anayeongoza, mimi naitikia. Hata kanisani. Lakini kwa vidole vyangu hivi viwili vilivyogonga nyimbo zote hizo, ananidai nini tena? Mimi ndiye ninayemdai. Kidogo tu. Dada, kesho niachie wimbo mmoja niongoze mimi. Wewe uitikie.