Agizo Lisilomfikia Fundi Viatu

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Babu Nukta,

Usikunje uso. Jina hilo ni lako, na sababu ya kukuita hivyo nitaieleza humu humu. Kwanza salamu. U hali gani, mdogo wangu? Mgongo je? Na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu, umekipeleka kwa daktari au bado unakisingizia vumbi la kiwandani? Kula vizuri, ulale mapema. Huko uliko hakuna wa kukugombeza, basi nakugombeza kwa barua.

Huku sisi wazima. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, ila mdomo hauna tatizo lolote, kama utakavyoona. Mkwe wako amerudi juzi na lori lake salama, na hivi ninavyoandika amelala kama gogo.

Sasa habari za mwanao. Nakuandikia kwa sababu fahari imenijaa mpaka kooni, na pia kwa sababu nina kosa la kuungama. Ngoja nianze na yale tuliyokuwa tukikwambia nusu nusu kwenye simu.

Mjukuu wako alizaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki ishirini na nane. Gramu mia tisa na themanini. Pakiti ya sukari ilimshinda uzito. Baba yake alipochungulia kwenye kile kisanduku cha joto alisema, "Jamani, haka si katoto, haka ni nukta!" Wauguzi wakacheka, na kuanzia hapo wodi nzima ikamwita Nukta, na mwanao akawa Mama Nukta.

Siku kumi na moja, ndugu yangu. Mwanao, yule yule uliyekuwa ukisema hawezi kukaa kitako dakika tano, alikaa kwenye kiti cha plastiki mchana kutwa, mtoto kamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Alikamua maziwa tone kwa tone, akayapitisha kwenye mpira mwembamba wa kumlishia kwa mikono ile ile inayofungua skrubu za simu. Muuguzi mkuu alisema hajawahi kuona mama mwenye mkono mtulivu namna ile. Siku ya nane Nukta aliongezeka gramu kumi na tano, tukarukaruka kwenye korido mpaka mlinzi akaja kututuliza. Siku ya kumi na moja mapafu yakachoka. Alifia kifuani kwa mama yake, hakufia kwenye kisanduku.

Baada ya mazishi nikajitia kimbelembele. Unanijua. Tangu wifi yangu atutoke, mimi ndiye ninayejiona mama wa huyu binti. Nikasema moyoni, kila akiitwa Mama Nukta ni kumtonesha kidonda. Basi nikavaa kandambili zangu, nikapita nyumba hadi nyumba, kisha kule mtaani anakotengenezea simu nikapita kibanda hadi kibanda. Kinyozi, dada wa vocha, mama wa duka la dawa, wote niliwapa agizo: kuanzia leo aitwe Fundi, basi. Asitajiwe mtoto, asiulizwe kitu. Vikofia vya Nukta na daftari ambalo mama yake alikuwa akiandikia gramu zake nikavifungia sandukuni, chini ya kitanda changu. Na wewe nilikupigia, unakumbuka, nikakuonya usimkumbushe. Ulinitii. Wote walinitii, nami nikajiona kiongozi.

Ikapita zaidi ya miezi minne. Mwanao alikuwa amesharudi kazini, anainamia simu za watu, anajibu "ndiyo" na "kesho itakuwa tayari", hakuna zaidi. Akakonda. Mimi nikadhani anapoa.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye agizo langu halikumfikia. Ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mzee ambaye masikio yake ni ya mapambo tu. Nilimwambia mara mbili, naye akaitikia, "Naam, naam." Kumbe alidhani nazungumzia kandambili zangu. Eti nizilete kesho azishone.

Jumatano iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale kibandani, nimempelekea mwanao chakula cha mchana. Mzee akavuka barabara, simu mkononi, analalamika kwamba siku hizi haiiti. Na unajua kiziwi anavyodhani sote viziwi. Akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Mama Nukta! Hujambo, mama?"

Kinyozi akazima mashine. Dada wa vocha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi niliruka nikamnyamazishe yule mzee, goti likanigomea, nikakalia bakuli la chakula. Yeye wala hana habari, anaendelea: "Hivi Nukta wetu angekuwa na umri gani sasa?"

"Miezi minne na siku kumi na tisa," mwanao akajibu. Hapo hapo, bila kuhesabu hata kidole kimoja.

Akalia, akacheka, vyote kwa pamoja, bisibisi bado mkononi. Mzee akavuta kigoda akaketi. Akamwuliza nywele zilikuwaje, akaambiwa nyingi, nyeusi ti. Akamwuliza kama alikuwa mtoto wa kulialia, akaambiwa hapana, alikuwa akikunja uso tu kama mtu aliyekatizwa usingizi. Kila jibu mzee aliomba lirudiwe kwa sauti, na mwanao akalirudia kwa sauti, mtaa mzima ukisikiliza. Aliongea siku ile kuliko miezi yote minne. Hata hiyo simu haikuwa na ubovu wowote, mlio ulikuwa umezimwa.

Mzee alipoondoka, kinyozi, ambaye mdomo wake hauna breki, akanigeukia: "Sasa shangazi, lile agizo limefutwa?"

Mwanao akaweka bisibisi chini. "Agizo gani, shangazi?"

Nikaeleza. Tena nilitegemea kushukuriwa, hebu fikiria! Akasema taratibu: "Kumbe ni wewe. Mimi nilidhani watu wamemsahau. Nilidhani nimebaki peke yangu duniani ninayejua kwamba alikuwepo."

Ndugu yangu, nimezaa wanne na nimezika mume, lakini maneno yale yalinikata maini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilijifanya naujua kuliko yeye. Nikaomba radhi pale pale, sketi imelowa mchuzi. Akanisamehe, ila alinipa adhabu: nirudi kwenye kila mlango niliobisha, nikalifute agizo kwa mdomo huo huo uliolitoa. Nimerudi kote. Mama wa duka la dawa alinicheka mpaka akashika meza, na kisha akaniambia alikuwa akitamani kumwuliza habari za mtoto kila siku alipompita.

Kesho yake, Alhamisi, mwanao akataka sanduku lifunguliwe. Akachukua kikofia kimoja na lile daftari, tukaenda naye wodini, maana muuguzi mkuu alikuwa amemwomba siku nyingi aje awaonyeshe mama wapya jinsi ya kumfunga kifuani mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati. Kulikuwa na mama mmoja mdogo, hajafika hata miaka ishirini, anaogopa kumgusa mwanawe asije akamvunja. Mwanao akanawa mikono mpaka viwiko, akamfunga yule mtoto kifuani kwa mama yake, akamfundisha kusikiliza pumzi. Yule mama alipotulia akauliza, "Na wako yuko wapi sasa?"

Mimi nikataka kudakia, mwanao akaniwahi.

"Alifariki," mwanao akasema. "Aliishi siku kumi na moja, na hakuna hata siku moja aliyolala na baridi. Mimi ni Mama Nukta."

Yule mama akasema, "Nionyeshe tena lile fundo." Naye akamwonyesha. Nilitaka nisimame katikati ya wodi nipige kelele kwamba huyu ni damu yetu, nimembeba mgongoni huyu, muulizeni nani alimfundisha kutembea! Nikajizuia kwa sababu kulikuwa na watoto wamelala.

Sikudanganyi kwamba amepona. Bado analia. Jana alifunga kibanda saa nane mchana akaja kujilaza chumbani kwangu, na sikumwambia anyamaze. Nimejifunza, japo kwa kuchelewa.

Kinyozi anakusalimu, anasema ukija atakunyoa mwenyewe. Mkwe wako anakusalimu kutoka usingizini. Wanangu wote wanne wanakuamkia shikamoo. Fundi viatu naye anakusalimu, ingawa sina hakika alisikia nilipomwambia wewe ni nani. Mungu akulinde, akupe afya na akufungulie njia ya kurudi tukuone.

Sasa nisikilize, maana ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Ukipiga simu unamwuliza mwanao habari za kazi, mvua, na goti langu. Jana akiwa amelala pale aliniuliza, "Shangazi, hivi baba anajijua kwamba ni babu?" Nimeshabisha milango yote, umebaki wako, na kwa goti hili siwezi kufika. Basi hodi, mdogo wangu. Agizo limefutwa. Mpigie leo leo, umwulize mtoto alifanana na nani. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo, hata yule mzee. Jibu ninalijua, na nakwambia utahitaji kukaa chini ukilisikia, na kioo karibu, lakini si langu kukupa.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye hata ninapokosea.