Aliyenibebea Mwanangu

9 Februari

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Salamu zako nimezipata redioni, maana kwa barua hujaleta. Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sijamwomba mtoto wa mtu, kwa hiyo herufi zikipanda mlima zifuate huko huko.

Nilikuwa kwa kinyozi. Redio ikasema Kanali amekamatwa, atashtakiwa mahakama ya kijeshi kwa uhalifu wa vita. Nikashika kiti. Halafu ikamtaja Kapteni atakayemshtaki. Kinyozi akazima mashine: "Bibi, huyo si yule wako?" Nikamwambia nyoa, hukuajiriwa kuuliza. Nimerudi nyumbani nimenyolewa upande mmoja.

Sasa nisikilize. Baba yako alipouawa vitani, wenzake walimwacha porini wakakimbia. Siwalaumu, risasi haina shemeji. Luteni mmoja tu ndiye aliyerudi kumchukua. Alimbeba mgongoni, akavuka naye mto, akamleta mpaka mlangoni kwangu huku ananuka kama yeye ndiye maiti. Nikamkaribisha maji, akaomba jembe. Akachimba mwenyewe. Wewe ulikuwa umeng'ang'ania kanga yangu, unauliza baba amelala mbona hakoromi.

Luteni huyo ndiye Kanali wako wa leo.

Nimekulea kwa kuuza vitumbua mpaka ukawa wakili, ukaniacha mdomo wazi ulipoamua uwakili wenyewe uuvalie buti la jeshi. Nilinyamaza. Leo sinyamazi. Fadhila ya punda ni mateke, lakini mimi sikulea punda. Waambie wakubwa zako watafute mwingine.

Ni mimi, bibi yako, ambaye bado hajafa.


2 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Ile dawa ya kupaka ni ya kupaka, si pambo la kabati. Mimi mzima wa mwili.

Uliyoandika ni kweli, sikatai hata neno moja. Jina la Kanali lilipoingia kwenye jalada nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza: mtu huyu ndiye aliyemleta baba nyumbani. Aliposhtakiwa, mawakili wake wakaulizwa kama wana pingamizi nami. Wakasema hawana. Mungu anisamehe, nilitamani wanikatae.

Lakini bibi, nimefika kile kijiji kilichotajwa kwenye mashtaka. Askari wetu waliviziwa barabarani wakauawa. Kesho yake Kanali akaingia na kikosi, akawatoa wanaume wote pamoja na vijana wanaoanza kuota ndevu, akasema anakwenda kuwahoji. Hakurudi hata mmoja. Hakuna kaburi hata moja.

Siku ya kwanza wanawake waliniona na magwanda haya, wakaingia ndani wakafunga milango. Nikavua koti, wakatazama buti. Nikavua buti, nikakaa chini penye ukuta wa shule, na jua likanipiga mpaka mmoja wao akanionea huruma akaleta mkeka. Hata hivyo hawakusema. Nimekwenda na kurudi miaka minne ndipo wakaanza kusema.

Askari wake wote hawakumbuki kitu. Bila miili, mawakili watadai wanaume wale walikwenda msituni kujiunga na waasi. Nikiondoka mimi, atakayekuja ataanza na milango iliyofungwa. Siwezi, bibi. Unisamehe.

Mjukuu wako


20 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Samahani yako iko hapa juu ya meza, sijaipokea wala sijaitupa.

Alikuja mtu. Wakili wa Kanali, kijana wa viatu vya ncha, anakanyaga tope langu kama anakanyaga mayai. Akaniamkia vizuri, sikumkuta na kosa. Akasema, "Bibi, tunataka uje mahakamani uwaambie Kanali ni mtu wa namna gani." Nikamwambia hilo hata ukiniamsha usingizini nitalisema. Nikamwonyesha kaburi nyuma ya jiko. Akavua kofia.

Nimekubali. Sikukubali ili nikukomoe, usijipe ukubwa. Wewe una watu wako wa kijijini, mimi nina wangu mmoja. Mtu akikubebea mtoto, siku yake ya kubebwa utasema mgongo unauma?

Nimefua gauni la bluu. Viatu nimeazima kwa jirani. Tutaonana huko huko, wewe upande wako na mimi upande wangu. Uje umekula, nisikuone umekonda mbele za watu.

Bibi yako


28 Machi

Bibi,

Shikamoo. Hutaniona.

Jina lako lilipoingia kwenye orodha ya mashahidi wa utetezi, jaji akasema siwezi kumhoji mahakamani bibi aliyenilea. Ni haki, hata mimi ningeamua hivyo. Ndiyo maana tangu mwanzo hawakuwa na pingamizi: walikuwa wamekuweka akiba.

Nimeondolewa kwenye kesi. Nimehamishiwa kambi ya mbali, nashughulika na askari walioiba mafuta na mablanketi. Nafasi yangu amepewa Meja mmoja, hodari, anaijua sheria kunishinda. Hajawahi kukaa kwenye ule mkeka.

Ulikuwa hujui. Najiambia hivyo kila siku, kwamba ulikuwa hujui.

Sitaandika kwa muda. Si adhabu, bibi. Sina cha kuandika.

Mjukuu wako


14 Juni

Mjukuu wangu,

Barua zangu mbili umezikalia kimya kama mtungi. Hujambo lakini? Mimi nipo. Najua habari umesikia redioni, ila redio haikuwepo mle ndani, mimi nilikuwepo.

Kwanza, sikujua. Ningejua kwamba jina langu litakutoa, ningemfukuza yule kijana na tope lake miguuni. Hilo liishe.

Siku yenyewe nilifika mapema. Karani akaniuliza, "Bibi, wewe shahidi?" Nikasema ndiyo. Akasema chumba cha mashahidi kinavuja, kaa pale kwenye benchi na mwenzio. Hakuuliza shahidi wa nani.

Mwenzio alikuwa mama mmoja muuza mkaa, kucha zake zenyewe zinasema. Akanitazama miguu. "Dada, hivyo viatu vinakubana." Nikamwambia vinambana mwenye navyo, mimi nimeazima. Akacheka mpaka askari akatugeukia. Akafungua karatasi ya karanga, tukagawana.

Akadhani natoka kijiji cha jirani. "Wewe ulimpoteza nani?"

"Mwanangu. Vitani."

"Pole. Amelala wapi?"

Nikamwambia nyuma ya jiko. Nikamwambia nikimwaga maji ya vyombo husema mwanangu sogea. Jambo hilo huwachekesha watu. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, wake ni mgumu kama gome.

"Una bahati wewe," akasema.

Tangu baba yako afe nimeambiwa pole, nimeambiwa ni kazi ya Mungu, nimeambiwa nimezaa shujaa. Bahati nilikuwa sijaambiwa. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha akasema, "Mimi wangu wawili, na baba yao. Nikienda shambani naogopa pa kukanyaga."

Nikaitwa. Sikumwambia nimekuja kwa ajili ya nani.

Kanali alisimama nilipoingia. Amekonda, shingo imebaki kola tupu. Nikaeleza yote, mto, mgongo, jembe. Hata yule Meja wako alitazama chini. Wa viatu vya ncha akasema asante, hana swali zaidi. Meja naye hana. Jaji akasema, "Mama, unaweza kushuka."

Sikushuka. Goti lilikataa, na mimi nikalisaidia kukataa.

Nikamgeukia Kanali. "Mwanangu, wewe unaujua uzito wa maiti. Kuna mama hapo nje. Watoto wake uliwaweka wapi?"

Wakili akaruka kama kaingiwa na siafu. Jaji akagonga meza: "Mama, hapa shahidi haulizi, anaulizwa!" Nikamwambia baba, unisamehe, basi nielekeze wanapouliza, niende.

Kanali akasema polepole, "Mama, haya si ya hapa."

Nikasema, "Sikuulizi kwa nini. Kwa nini utamjibu Mungu. Nauliza wapi."

Wakili akamshika mkono. Akautoa. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama ananielekeza dukani: "Kwenye machimbo ya kokoto, mama, ng'ambo ya daraja. Tuliangusha ukuta juu yao." Kisha akakaa, akajifunika uso.

Nilipotoka yule mama alikuwa bado na karanga mkononi, kaniwekea zangu. Sikuweza kumwambia. Nilimpita kama sijawahi kumwona, viatu vinanilia sakafuni.

Umewahi kuniona nakosa neno? Nimelikosa. Mtu alituma kwangu kuomba nimsemee mema, na kwa kinywa hicho hicho nimemmaliza. Ungekuwepo ningekuuliza kama ndivyo sheria inavyofanya kazi. Andika, hata unitukane.

Bibi yako


30 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa, nivumilie. Nilikuwa na hasira, na zilipoisha nikabaki na aibu.

Wamenirudisha. Si kwenye kesi, hiyo haikuhitaji mtu tena. Wanawake walimwambia Meja hawaendi machimboni bila Kapteni wa mkeka. Kwa hiyo nimekuwa hapa, sina kazi ya wakili, nashika mwavuli na kuchota maji ya kunywa.

Tumewatoa, bibi. Daktari wa mifupa alikwenda kwa kila mama akimuuliza mtoto wake aliumia wapi utotoni. Rafiki yako muuza mkaa akasema mdogo alianguka kutoka juu ya paa, mkono wa kulia ukaunga vibaya. Walipofika kwenye mkono huo daktari alimtazama. Mama akashuka mwenyewe shimoni. Hakulia. Alianza kumpangusa vumbi kwa kanga, akimgombeza taratibu kwa kupanda paa. Mkubwa na baba yao bado tunawatafuta.

Ameniuliza yuko wapi yule dada wa viatu vya kuazima. Anajua sasa wewe ni nani. Amesema uje kwenye mazishi.

Jambo moja linaniondoa usingizi. Mikono iliyomfunga baba mgongoni kwa uangalifu ule, nakumbuka hata fundo, ndiyo iliyotoa amri hapa. Nimesoma sheria yote ya vita na sijui pa kuikata mikono hiyo nikapata watu wawili. Ni mtu mmoja, bibi.

Asante kwa ulichofanya.

Mjukuu wako


3 Novemba

Mjukuu wangu,

Hujambo? Pale mazishini nilikuona umekonda, nikanyamaza kwa sababu ya watu. Ule.

Usinishukuru tena. Yule mama naye alitaka kunishukuru, nikamwambia tunyamaze tu, tukanyamaza vizuri.

Nimesikia Kanali kafungwa maisha. Haki. Nimeisema haki hiyo kwa sauti, peke yangu jikoni, ili niisikie. Kisha nikanunua fulana mbili za mikono mirefu, nikapanda basi kwenda gerezani. Sikukuambia maana ungenizuia kwa vifungu vyako.

Askari wa getini kijana mpole. "Bibi, wewe ni nani wake?"

Swali rahisi, nikalitafutia jibu kama natafuta sindano. Nikasema mama yake.

Akaingia. Nikasimama na mfuko wangu. Akarudi anatazama chini. "Bibi, anasema mama yake alishakufa."

"Kasema kwa hasira?"

"Hapana bibi. Kwa upole."

Hapo ndipo nilipokaa chini, palepale kwenye vumbi, mimi na umri wangu. Angetukana ningepata la kumjibu.

Usimpigie mtu simu. Usimwandikie mkuu wa gereza wala kumwonyesha vyeo vyako. Hataki kuniona, ana haki, na amebakiwa na chache. Fulana askari alizipokea. Huko wanasema alfajiri ni baridi, sakafu ni ya saruji. Jumamosi nitapeleka soksi. Akinikataa tena, nitakaa nje pamoja na wake za wafungwa mpaka saa za kutembelea ziishe, ndipo nirudi.

Ni mimi, bibi yako