Isaura wa Kwanza

Ijumaa, 1 Machi 2019

Yaneth alitimiza miaka ishirini na moja wiki iliyopita, na tangu siku hiyo amenikalia kooni. Mama, umepata wakili? Mama, bado tu? Eti sasa yeye, raia aliyezaliwa hapa hapa Hempstead, anaweza kuniombea karatasi za kudumu. Niachane na hiki kibali cha muda ambacho Washington wanataka kukifuta na mahakama imesema ngojeni kwanza. Tungoje mpaka lini? Hakuna anayejua. Kikifutwa, mimi ni wa kupandishwa ndege.

Ana haki mtoto. Miaka ishirini na tatu nipo hapa, na sina mwingine ila yeye.

Kazini nimemwuliza Bi Ofelia, ninayepiga naye pasi kwa dobi. Akaruka juu! Nenda kwa Berríos, yule wa redioni! Ofisi yake ina samaki ukutani, na kahawa bure. Nikamwuliza, hao samaki ndio watakaonipa karatasi? Akasema mdomo wangu huo ndio utakaonirudisha El Salvador.

Niseme ukweli, maana humu hakuna anayenisoma. Naogopa. Si uhamiaji peke yao. Nina jina la marehemu. Dada yangu aliyenitangulia aliitwa Isaura, akafa kwa homa akiwa na mwaka na miezi mitatu. Nilipozaliwa, nikapewa jina lile lile. Kwetu Cabañas ni jambo la kawaida, nusu ya darasa letu tulikuwa tumebeba majina ya marehemu. Nimekaa nalo vizuri tu maisha yangu yote. Lakini tangu ianze hii habari ya wakili, yule mtoto hatulii. Leo mchana, kwenye mvuke wa pasi, nimesikia kabisa mtoto akikohoa. Nikageuka — mashati matupu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda kwa Berríos. Samaki wapo kweli, wanono kuliko mimi.

Msichana wa mezani ananiita mpenzi, mpenzi, kaa hapa mpenzi. Nikangoja saa nzima na nusu. Wakili mwenyewe akanipa dakika saba, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Suti ya bei, meno meupe. Akauliza binti ana miaka mingapi, na kama nimewahi kutoka nchini kwa ruhusa ya uhamiaji nikarudi kihalali. Nikasema ndiyo, 2016, nilipokwenda kumzika mama. Akapiga makofi! Basi mama yangu, wewe umeshapata, karatasi hizi hapa mkononi mwako!

Hakuniuliza jingine. Nilitakiwa kufurahi. Lakini pale kitini mapaja yangu yalishika joto, joto la kumpakata mtoto mwenye homa. Nikasimama nikaaga haraka. Mpenzi wa mezani akaniuliza naumwa?

Jumatano, 6 Machi

Jumatano ya Majivu. Yaneth kanitafutia mwingine, mwanamke, Wakili Brancato, ofisi juu ya duka la viatu. Ngazi zinalia. Hakuna samaki. Kuna mafaili hadi chini ya dirisha.

Mtu mzima, miaka sitini na kitu, koti limetoka nyuzi mkononi. Kihispania chake kinachechemea lakini kinafika. Ana alama ya majivu kwenye paji la uso, nami ninayo yangu. Tukatazamana, akacheka kidogo. Kwa hilo tu nikampenda.

Huyo anauliza! Nilizaliwa wapi, nyumbani au hospitali, nani alimpokea mtoto, nani alikwenda kuandikisha. Mambo ambayo hata padri hajawahi kuniuliza. Kisha: umewahi kutumia jina jingine? Nikasema sijawahi. Na ni kweli tupu! Sasa mbona macho yangu yalikimbilia mlangoni?

Akasema cheti changu cha kuzaliwa ni cha zamani mno, nakala ya mkono ya mwaka 1995. Anataka kipya, kilichotolewa mwaka huu. Nimempigia kaka yangu Neftalí aende manispaa ya kwetu. Akalalamika magoti, halafu akakubali.

Bado sijaamua. Berríos anasema ninazo tayari. Huyu anasema tutaona. Ni nani asiyetaka kuambiwa anazo tayari?

Jumamosi, 9 Machi

Yaneth anapanga sherehe ya miaka yangu hamsini. Tarehe kumi na mbili Mei. Anataka keki ya ghorofa tatu. Nikamwambia mimi sijengi. Akacheka mpaka akamwaga kahawa.

Alhamisi, 14 Machi

Mungu wangu.

Neftalí ametuma picha ya cheti kipya. Nilikuwa kazini, nikakifungua huku pasi ikingoja. Jina langu, la baba, la mama, 12 Mei 1969. Sawa. Pembeni kabisa, maandishi madogo ya mashine: mtajwa alifariki dunia tarehe 20 Agosti 1970.

Nilikufa ganzi. Bi Ofelia ndiye aliyeinyanyua pasi, suruali ya watu ilikuwa imeanza kunuka moshi.

Nikampigia Neftalí. Akajaribu mzaha, wee mdogo wangu, kumbe marehemu, na mimi nakutumia salamu kila Krismasi! Sikucheka. Halafu akanieleza, kama mtu anayesema habari za mvua. Baba hakuniandikisha mimi. Cheti cha yule kilikuwepo ndani ya kopo la bati, jina lile lile, wazazi wale wale. Manispaa ni nusu siku kwa miguu, na ukichelewa kuandikisha kuna faini. Baba akasema karatasi tunayo, ya nini kuchukua nyingine? Neftalí anasema pale kijijini wengi walifanya hivyo. Bibi yetu ndiye aliyekwenda kuandikisha kifo, apate kibali cha kuzika. Kiliandikwa kwenye daftari jingine. Sasa wameyaingiza yote kwenye kompyuta, na kifo kimemfuata mwenye cheti... hapana. Kimenifuata mimi.

Basi sikupewa jina peke yake. Nimepewa na siku yake ya kuzaliwa, na cheti. Nilivuka mpaka nacho, nikaombea kibali nacho, nikamzaa Yaneth nacho. Kwa serikali, mimi sijawahi kuzaliwa. Na aliyezaliwa ameshakufa.

Ijumaa, 15 Machi

Sikwenda kazini. Nimekaa jikoni na shali ya sufu mabegani, dirisha wazi, theluji inayeyuka. Kiti cha pili kimevutwa nyuma kidogo. Sikukivuta mimi. Au nilikivuta, sijui.

Nilisema kwa sauti: unataka nini? Nikajionea haya.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemwambia Yaneth. Nilidhani atalia. Akachukua cheti chake mwenyewe kwenye droo, akakisoma pale penye jina la mama. Akauliza polepole: kwa hiyo humu wameandika kwamba nimezaliwa na maiti?

Akaenda chumbani, akafunga mlango. Baadaye akatoka akanikumbatia kwa nyuma, akasema pole Ma. Lakini lile neno lilishatoka, na limekaa hapa ndani ya nyumba pamoja nasi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi kwa Berríos, na Yaneth. Ndiyo, nimerudi! Nilitaka mtu aniambie ninazo tayari.

Akaitazama picha ya cheti kipya, akafumba jicho moja. Hii mama sijaiona, akasema. Tutatumia kile cha zamani, kimekubaliwa tangu ulipoombea kibali 2001, kitakubaliwa tena. Wewe kaa kimya tu. Hapa ofisini kwangu hatufukui makaburi.

Nikapumua, sitaficha. Nikasema moyoni, asante Mungu, yamekwisha.

Kisha akasukuma fomu mbele ya Yaneth. Mwombaji ni yeye, wa kuweka sahihi ni yeye. Juu ya mstari imeandikwa kwamba anaapa kuwa kila kilichomo ni kweli, akidanganya ni kosa la jinai. Yaneth anasomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Akaishika kalamu. Hakunitazama. Nikajua ataandika. Kwa ajili yangu ataandika, na hatasema neno maisha yake yote. Atabeba maiti ambayo si yake, kama nilivyobebeshwa mimi.

Nikamnyang'anya kalamu. Berríos akasema, mama yangu, usiwe mtoto. Nikamwambia mtoto ndiye aliyenileta hapa! Hakuelewa, na sikumweleza. Tukatoka. Mpenzi wa mezani akatukimbilia na kalenda yenye picha ya bosi wake.

Jumatano, 20 Machi

Kwa Brancato. Nimemwambia yote, kopo la bati na faini na bibi. Hakushtuka. Alivua miwani akaisafisha. Akasema sitatia sahihi yangu kando ya karatasi ya mtoto aliyekufa. Ila nitatia kando ya yako, tukiipata.

Njia ni hii. Neftalí aape kule manispaa, pamoja na mtu aliyeniona nikizaliwa, niandikishwe upya kama mimi. Kisha yeye wakili awaandikie uhamiaji barua, aseme lote, kosa la wazazi, si langu. Jina libaki, maana ndilo nililoishi nalo. Nikauliza, watanisamehe? Akasema huenda. Huenda pia wakakichukua hata kibali changu cha muda, hii TPS. Barua ikishatoka, hairudi.

Sikupenda. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mwezi huu uanze, sikuhisi joto mapajani.

Akanipa mkataba wa kumpa kazi hiyo, nikausome nyumbani. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili tu ya kujaza, jina na tarehe ya kuzaliwa. Tarehe yako, akasema. Si yake.

Siijui! Mwanamke mzima, nina binti chuoni, sijui nilizaliwa lini. Aliyejua ni mama, na mama nimemzika.

Alhamisi, 21 Machi

Neftalí alikuwa na miaka sita nilipozaliwa. Anachokumbuka ni kwamba mbwa alikuwa ana watoto. Asante sana, kaka. Nikamwandikie wakili: mbwa alikuwa ana watoto.

Anasema mkunga, Bibi Chón, bado yu hai. Ana miaka tisini na mbili, anaishi kwa mjukuu ng'ambo ya mto. Atamfuata Jumapili. Yaneth ameifuta ile oda ya keki bila kuniambia. Nimeikuta kwenye simu yake. Hapo ndipo nikalia.

Jumapili, 24 Machi

Imekuja sauti ya Bibi Chón kwenye simu, dakika mbili na kitu. Nimeisikiliza mara tano, tatu za mwanzo nimesimama. Naiandika hapa isije ikapotea.

Anasema: wewe ndiye yule wa makaburini? Nilimwambia mama yako asiende, tumbo limeshuka. Akasema ni siku ya marehemu, lazima ampelekee mtoto wake maua. Mwaka mmoja tu na kidogo tangu amzike, nani angemzuia? Uchungu ukamshika pale pale, maua mkononi. Nikakupokea kwenye kitambaa cha meza cha mama mmoja aliyekuwa anauza maboga ya asali. Ulilia kwa nguvu, watu wote makaburini wakageuka. Nikamwuliza, huyu tumwite nani? Akaweka mkono juu ya msalaba wa yule mdogo. Basi.

Neftalí anauliza mwishoni, mwaka gani, bibi? Anasema mwaka uliofuata ule wa homa. Siku ya marehemu kwetu ni tarehe mbili Novemba, basi ni 2 Novemba 1971.

Nina miaka arubaini na saba.

Kila tarehe mbili Novemba mama alitupeleka kule, mimi nikipewa kopo la rangi ya bluu niupake msalaba wenye jina langu mwenyewe. Na kila mwaka alilia. Nilidhani analia kwa ajili ya yule peke yake. Mama! Si ungeniambia? Ungeninong'oneza tu, leo ni siku yako pia. Nimekasirika. Nimekasirika na mtu aliye chini ya udongo, na sijui niipeleke wapi hasira hii.

Alhamisi, 28 Machi

Niko kwa Brancato, chumba cha kungojea. Naandika hapa ili mikono iwe na kazi. Yaneth yuko kando yangu, kaniletea mkate mtamu ambao siwezi kuumeza. Neftalí na Bibi Chón waliapa jana. Barua iko tayari mezani kwa wakili. Nikitia sahihi mkataba, inatoka leo leo.

Bi Ofelia ananiona nimerukwa na akili. Kanitumia ujumbe asubuhi, bado unaweza kwenda kwa Berríos, mjinga wewe, nakupenda.

Kwenye mkataba nimejaza tarehe. 2 Novemba 1971. Nimeiandika polepole, inaonekana ngeni, kama kiatu kipya. Mstari wa jina bado mtupu. Mara tatu nimegusisha kalamu, mara tatu nimeiondoa. Wakili anasema jina ni langu, kwa haki ya kuliishi. Yaani ni langu kwa sababu yeye hakupata muda. Alilikalia mwaka na miezi mitatu, mimi nimekula yaliyobaki yote. Sikumwomba. Hakuna aliyemwuliza.

Yaneth anasema Ma, pumua.

Mlango umefunguliwa. Binti wa mapokezi anasoma kwenye karatasi, kwa sauti: Isaura Portillo?

Yaneth amenigusa kiwiko. Chumbani tupo sisi wawili tu, na viti vitupu. Sijainuka. Mungu anisamehe, nangoja kwanza nione kama kuna mwingine atakayeinuka