Sentensi Kutoka Namba ya Kidoti

Shoga, hebu sikia hili.

Asubuhi nimeweka neno la leo kwenye grupu letu la maneno: "Jitimai, yaani huzuni kubwa." Unajua sheria yetu, kila mtu analitungia sentensi, na akikosea tunamsahihisha.

Wa kwanza kujibu ni Kidoti.

Kidoti huyo huyo tuliyemzika. Namba yake, na ile picha yake anacheka. Nani angekuwa na moyo wa kumtoa kwenye grupu?

Ameandika: "Nguo za mwanangu bado ziko kambani, jitimai hainiachi nizianue."

Ni mama yake, shoga. Kumbe siku zote hizi anatusoma.

Mimi nimeandika pole, nikaifuta.

Sasa hivi ameandika tena: "Nimekosea, wanangu? Mbona hamnisahihishi?"