Daftari Langu na Kaka

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Thornton Heath, ughaibuni, tu wazima, na mama yako anakusalimu huko chuoni. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nililia nikitazama tamthilia ya Kituruki kwa jirani, na Kituruki sikijui. Kijiji cha kwenye tamthilia ile nakijua, mama; ni kama chetu. Na yule mvulana anayemfundisha dada yake kusoma zizini, namjua pia.

Mimi na kaka yangu Mwakio tulikuwa na daftari moja. Yeye aliandika kwa penseli kuanzia mbele, mimi kuanzia nyuma. Kurasa zikikutana, mmoja wetu angeacha shule, maana pesa za daftari la pili hazikuwapo. Siku zilipokutana nilimkuta uani akifuta hesabu zake zote kwa kipande cha kandambili.

“Andika wewe,” akasema. “Zangu ziko kichwani.”

Uongo mtupu! Kesho yake alikwenda kuchunga mbuzi.

Jumatatu naanza darasa la Kiingereza pale maktaba. Mama yako anasema nimezeeka mno. Nakwenda. Nimenunua daftari jipya, na nimeandika jina langu ukurasa wa nyuma. Kurasa za mbele ni za Mwakio, sitazigusa.

Nyanya yako